Santuri Zako Zimefika, Mwansa

Mwansa, mutumwa wangu,

Usishtuke kuona nimekuandikia. Ningekuja kusema nawe makaburini kama watu wengine, na nilijaribu, lakini haikufaa. Nilisimama mbele ya msalaba wako, nikavua kofia, nikaanza, "Mwansa, sikia." Akina mama waliokuwa wakipalilia kaburi la jirani yako wakaweka majembe chini. Mmoja akamwambia mwenzake, "Angalia, ule mbuzi anaanza tena." Wakakaa kitako kabisa, wamekunja miguu, wakingoja nichekeshe. Nikavaa kofia yangu nikarudi sokoni.

Kwa hiyo nakuandikia, nyuma ya karatasi za kufungia samaki, maana ndizo nilizo nazo. Na Kiswahili ni kile nilichojifundisha kwenye magazeti ya mapadri yanayokuja kufungia samaki wangu. Ulikuwa ukicheka kwamba nikisema ni mtu wa Pweto, nikiandika ni katekista. Cheka tu. Hadithi zote nilizosoma maishani mwangu zinaishia katikati, kwa sababu nusu ya pili ilikwenda na samaki wa mtu mwingine. Hii yako nataka niifikishe mwisho.

Habari yenyewe ni hii: santuri zako zimefika.

Zilifika mvua zilipokuwa zimekatika, kwenye sanduku la posta la yule Mzungu uliyekuwa ukimpakia nyumba zake rangi. Yeye akampa mkeo Veronika. Na Veronika akaniletea mimi kifurushi hicho, kwa kuwa hajui kusoma, na kwenye barabara yetu ukitaka kusomewa ni lazima upite kwangu. Alisimama mbele ya meza yangu, kichwa kimenyolewa, kitambaa cheusi, katikati ya harufu yote ile. Hakunisalimia. Alisema tu, "Shemeki, soma."

Nikafuta mikono. Ndani mlikuwa na kitabu kikubwa cha karatasi ngumu, kama vile Wazungu wanavyowekea picha za harusi, ila badala ya picha kuna mifuko, na ndani ya kila mfuko santuri. Zilikuwa nne. Moja ilivunjika njiani, tatu ni nzima. Na katikati ya kila moja, kwa herufi za rangi ya dhahabu, jina lako, hakuna herufi iliyopotea, chini yake Élisabethville, chini yake gitaa. Juu ya jalada wameandika jazz. Wewe ulisema jazi ni ya wale wenye tarumbeta na suruali za kupigwa pasi, na wewe unapiga gitaa tu. Basi, imeandikwa. Huwezi kubisha tena.

Veronika akauliza kama ni wewe kweli: "Njo yeye?"

Nikasema, "Njo yeye."

Akachukua kitabu chake, akakifunga kwenye kitambaa, akaenda. Ningependa anitukane, Mwansa. Hata mate ningeyapokea. Nilibaki nimeshika samaki mmoja mkononi mpaka mteja akaniuliza kama namwuza au namwombea.

Najua unajua ilivyotokea, kama huko mliko mnaona. Lakini uliondoka bila kusikia yote, na mengine hata wewe hukuyajua.

Unakumbuka yule mtu wa kampuni ya santuri aliyetoka Nairobi. Alikaa jioni nzima kwenye bar, suti ya kaki, daftari juu ya goti, akitusikiliza. Wewe na gitaa, mimi pembeni yako nikigonga chupa yangu kwa kijiko. Tulipiga vizuri siku ile, hata mimi nilijisikia. Mwisho akasimama, akakushika mkono, akakwambia watakulipia safari. Mimi nilikuwa nimeshaweka kijiko chini ili mkono wangu uwe tayari. Akanitazama, akatabasamu kwa adabu, akasema kwa Kiswahili chake cha kule pwani, "Chupa tunazo Nairobi."

Wewe ulicheka. Sikulaumu, ilikuwa ya kuchekesha. Mimi pia nilicheka. Nilicheka kuliko wewe.

Ukaenda. Treni mpaka Ndola, halafu malori, halafu Mungu anajua. Ukakaa kiangazi kizima. Uliporudi ulikuwa na koti jipya na maneno mengi, lakini santuri hukuwa nayo hata moja. Ulisema zitakuja kwa meli. Ulituambia juu ya chumba kilichofunikwa mablanketi ukutani, na taa nyekundu ikiwaka hata nzi haruhusiwi kulia, na namna walivyokuvua viatu na kukuwekea gunia chini ya mguu kwa sababu unapopiga unakanyaga kama mtu anayeua panya. Ulituambia mashine iliharibika, mkangoja kipande kutoka Ulaya. Na ulituambia juu ya viazi. Masikini, kwa nini ulituambia juu ya viazi? Kwamba pale ulipolala walikupa viazi asubuhi, viazi mchana, na sasa unajua kuvipika kwa siagi, na majani fulani ya kijani juu. Ulieleza vizuri sana. Ulieleza kama mpishi.

Watu wakaanza kutazamana. Kiangazi kizima kwa nyimbo zinazoisha kabla maji hayajachemka? Santuri haipo, lakini upishi upo. Miezi ikapita, meli haikuja. Halafu ile homa ya mapafu, hospitali, na wewe ukatuacha ukiwa bado unauliza kama posta imefika.

Sasa kilio chako. Wewe wa ukoo wa chui, mimi wa mbuzi. Tangu kwetu Pweto, tangu babu za babu zetu, chui na mbuzi ni watani. Nakuita mtumwa wangu, unaniita nyama yako ya Jumapili, na hakuna anayekasirika. Chui akifa, ni mbuzi anayechimba kaburi, ni mbuzi anayevaa nguo za marehemu na kumwigiza mbele ya waliofiwa, ili machozi yapate mahali pa kupumzika. Haya hufundishwi leo, lakini niache niyaandike, kwa sababu ndimo nilimojificha.

Nilivaa tai yako. Nilivaa lile koti la Nairobi. Nilichukua ungo nikaushika kama gitaa, nikaketi uani mbele ya wanawake waliokuwa wamelia mpaka wamekauka, nikasema kwa sauti yako, ile ya puani, "Sasa niko Nairobi, munyamaze, taa nyekundu inawaka." Wakaanza kucheka kidogo. Halafu nikageuza ungo, ukawa sufuria. Nikakoroga. Nikakoroga kwa vidole vyako viwili vilevile, gumba na cha shahada, kama unavyopiga. Nikainua kichwa, nikasema, "Ndiyo Bwana. Viazi biko tayari, Bwana."

Mwansa, sijawahi kuchekesha vile. Wanaume walishika ukuta. Dada yako Ngosa, mkubwa wa chui wote wa mji huu, alianguka mkekani na kupiga miguu. Mpaka kaburini watu walikuwa wakiambiana, "Biko tayari, Bwana," na kupangusa macho. Watu wa barabara nyingine walinipongeza. Nilirudi nyumbani nimevimba kama mandazi.

Veronika tu hakucheka. Nikadhani ni uchungu.

Kichekesho cha msibani huisha msibani. Wanapoosha sufuria, kinaoshwa nacho. Hiki hakikuoshwa. Wiki iliyofuata nikasikia mtu amekuita Viazi. Marehemu Viazi. Halafu wale vijana wa gitaa wanaokuiga, mmoja akikosea wimbo wenzake wanamwambia, "Wewe ulirekodi jikoni." Halafu ikafika bombani. Wanawake wakipanga ndoo, Veronika akija, mmoja anamwachia nafasi kwa heshima kubwa: "Mupishe Mama Viazi, bwana yake alipikiaka Bazungu." Anachota maji yake, anajitwisha, anapita mbele ya meza yangu. Kila siku anapita. Nimeanza kuwapanga samaki wangu kwa kuinama.

Kwa hiyo siku ile niliposoma jina lako la dhahabu, nilifunga meza mapema, nikaenda kwenye bar yetu nikawaambia: Mwansa alirekodi. Nimeziona. Nimezishika kwa mikono hii. Unajua walifanya nini? Walicheka mpaka mmoja akamwaga bia. Nikasema naapa. Wakacheka zaidi. Nikaanza kukasirika, na hapo ndipo waliponiona mwigizaji mkubwa. "Eh, Chola, uko na mayele, akili kweli! Sema tena pale pa herufi za dhahabu." Hapo nilielewa nimefanya nini. Mtani akimsifu chui, watu wote wanangoja mkia wa maneno. Mdomo niliokuharibia nao hauwezi kukutengeneza. Hauna kazi nyingine unayojulikana nayo.

Nikaenda kwa Ngosa kuomba radhi kwa ukoo wenu. Alikuwa akipepeta mahindi. Hakuacha hata kupepeta. "Mutani haombi pole," alisema. "Kazi yako ulifanya, tena ulifanya muzuri. Ukiomba pole, njo unasema haikukuwa utani. Ilikuwa nini, sasa?" Akaniambia nirudi kwenye samaki wangu, na nikipata wale wakubwa wa Pweto nisimsahau.

Ni Veronika aliyelisema neno lenyewe. Nilikwenda kwake, nikakaa nje ya mlango kwenye kigoda, mahali pa mtu anayedaiwa. Alikuwa na kile kitabu magotini. Hakuwa amesikia hata wimbo mmoja, kwa sababu ni mjane, na muziki hauingii nyumbani kwa mjane mpaka kilio kimalizwe. Alikuwa akipitisha kidole kwenye mistari ya santuri, polepole, akizunguka nayo, kama anayetafuta mahali pa kuingilia.

"Utani niliona mingi," alisema. "Baba yangu alipokufa, batani balivaa mpaka soksi zake. Tulicheka, ikaisha. Ile yako haikuisha. Juu ya nini haikuisha, weye mwenyewe unajua."

Nilikuwa najua.

Akaendelea, "Siku ya kumaliza kilio, hizi diski zitalia hapa, bantu bote basikie. Na weye utaikala. Utaikala kimya. Paka vile, vile tu."

Sijui kama unaona uzito wake. Siku ya kumaliza kilio ni siku ya mtani. Ni yeye anayesema neno la kwanza, anayecheza wa kwanza, anayemwambia mjane sasa fungua kichwa. Kumwambia mtani akae kimya siku ile ni kama kumwambia padri aje misani asubuhi bila mdomo. Nilitaka kumweleza. Nilimtazama usoni nikaona hahitaji kuelezwa.

Siku ikafika. Mikeka uani, munkoyo wa mahindi kwenye madumu, mtamu, bado haujachacha. Muzee Selemani, yule fundi wa nguo wa kule kwa Wamaniema, alikuja amebeba gramafoni yake mwenyewe kifuani kama mtoto mgonjwa, na chai yake kwenye chupa. Sindano ile hata mwanawe hamruhusu kuigusa. Akamwonyesha Veronika jinsi ya kuishusha, mara moja tu, halafu akakunja mikono nyuma ili asiingilie.

Mimi nilikaa. Nilikalia mikono yangu yote miwili, kweli kweli, chini ya mapaja. Watu wakanitazama, wakaanza. "Ona, mbuzi amejifanya padri!" "Ngojeni, bado anapasha moto." Kadiri nilivyonyamaza ndivyo walivyocheka. Kulikuwa na mtoto aliyekuja kunitazama usoni kwa karibu, akageuka kuwaambia wengine kwamba hata macho sipepesi. Vicheko tena. Jasho lilinitoka likaingia machoni na sikuwa na mkono wa kulifuta.

Veronika akashusha sindano.

Kwanza mchakacho, kama mvua kwenye majani makavu. Halafu pumzi yako. Umevuta pumzi, Mwansa, imebaki mle ndani, walisahau kuitoa. Halafu gumba lako likaanza kutembea kule chini, na kile kidole kingine kikaja juu yake kikijibu, kikichelewa kidogo kama ulivyokuwa ukikichelewesha makusudi ili watu wainue vichwa. Waliinua. Mguu wako haukusikika. Lile gunia lilikuwa la kweli.

Halafu chupa ikaingia.

Uani pote watu walinigeukia kutazama mikono yangu. Ilikuwa bado chini ya mapaja. Hapo vicheko vikakoma, kimoja baada ya kingine, kama taa za barabara ya Wazungu asubuhi. Na acha niandike jambo hili mara moja, sitalirudia: huyo mpiga chupa wa Nairobi anapiga vizuri kuliko mimi. Haharakishi. Mimi nilikuwa nakuharakisha kila mara na hukuniambia hata siku moja.

Mwanamume aliyekuwa mlangoni akasema, taratibu, kama anayehesabu kitu peke yake, "Kumbe alienda."

Ndivyo tu. Veronika akageuza santuri, akaweka ya pili, akaweka ya tatu. Wimbo wa mwisho ulipokwisha santuri iliendelea kuzunguka, sindano ikikwaruza, na Muzee Selemani, ambaye nafsi yake yote imo kwenye sindano ile, aliiacha ikwaruze. Mwishowe kijana mmoja nyuma akapiga kelele, "Viazi, tena!" Nikataka ardhi inimeze. Lakini watu wengine wakaitikia, "Tena! Tena!" na Veronika akavua kile kitambaa cheusi mwenyewe, bila kuambiwa na mtani, akairudisha ya kwanza.

Sitakudanganya kwamba jina limefutika. Bombani bado ni Mama Viazi. Ila sasa wanamwuliza kama Jumapili Muzee Selemani ataleta gramafoni. Watoto watakaozaliwa watadhani Viazi ni jina la mpiga gitaa aliyefika Nairobi. Hayo ndiyo yote niliyoweza kurudisha, na hata hayo si mimi niliyeyarudisha. Mimi nilikaa tu.

Na bado sikupata usingizi mzuri, maana lile swali la Ngosa lilikuwa pale pale. Ilikuwa nini, sasa, kama haikuwa utani? Kwa hiyo juzi nilimpelekea samaki wakubwa, nikakaa jikoni kwake, nikamwuliza, "Siku nitakufa, nani kwenu atavaa nguo zangu?"

"Paka miye," alisema. "Nani mwingine?"

Nikamwambia basi sikiliza, nikupe vya kufanyia kazi. Nikampa vyote. Nikampa yule mtu wa kampuni na mkono wangu niliouweka tayari. Nikampa "Chupa tunazo Nairobi." Nikampa hata lile usilolijua wewe: kwamba kiangazi kile chote, ukiwa bado safarini, kabla hujarudi na habari yako ya viazi, mimi ndiye niliyekuwa nawaambia watu kwenye bar kwamba umekwenda kupika. Walikuwa wakiniuliza kwa nini sikwenda nawe, Mwansa. Ilinibidi niseme kitu. Ulipokuja na viazi vyako nilikuwa nimeshalima shamba.

Ngosa aliacha kuparua samaki. Alinitazama, kisu mkononi, na sikujua kama ni mtani wangu anayenitazama au ni dada yako. Halafu akasema, "Rudilia pale pa mukono."

Nikarudilia. Akaniambia nirudilie tena, na nimwonyeshe jinsi nilivyokaa. Akainuka, akachukua chupa ya mafuta na kijiko, akakaa kwenye kigoda changu. Akanyoosha shingo. Akaangaza macho kwa mgeni asiyekuwepo, akaweka kijiko chini polepole sana, akafuta kiganja kwenye nguo, akakinyoosha hewani, akakiacha pale. Akatabasamu. Mwansa, ni mimi. Sikujua kwamba shingo yangu inafanya vile. Alikaa hivyo, mkono mbele, tabasamu likimkauka usoni, mpaka nikatazama pembeni.

"Bantu batakufa na kucheka," alisema, akarudi kwa samaki wake.

Sasa nakuaga. Lala vizuri, mutumwa wangu. Pale kwako nimepalilia asubuhi mapema, kabla wale akina mama hawajafika. Ninakuahidi jambo moja, na ni ahadi ninayoweza kuitimiza hata mimi: siku ile Ngosa atakapovaa koti langu na kukaa mbele ya watu na ile chupa, sitamharibia kazi. Nitalala pale katikati ya uani, kimya, miguu imenyooka, nimuache anyooshe mkono ule mpaka mtu wa mwisho amalize kucheka.

Chola